Picha yangu ya jarida imegeuzwa tangazo la chuo na mama wa mahamri hataki. Nianzie wapi?

BintiWaTudor ameuliza:

Asalaam aleikum, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa, jina la chuo naliweka kando. Nasomea umeme, lakini jioni na wikendi mimi ndiye mpiga picha wa jarida letu la wanafunzi. Mshahara hakuna. Napewa nauli ya matatu nikitumwa mjini, na kamera ya jarida, Canon ya zamani yenye lenzi ya milimita 18-55 iliyolegea hadi ukiinamisha kamera yajirefusha yenyewe. Lenzi ya 50 ni yangu, niliinunua mtumba.

Kisa chenyewe ni hiki. Muhula uliopita tulitoa makala kuhusu watu wanaotulisha: kijana wa viazi karai, mzee wa madafu, na mama wa mahamri na mbaazi anayekaa nje ya geti letu tangu alfajiri. Mama huyu si mtu wa picha. Nilikuwa nanunua chai kwake tu, kamera imo mkobani, mpaka siku moja akasema mwenyewe, "Haya piga, lakini nywele zangu zisionekane." Nikampiga akigeuza mahamri kwenye karai. Moshi umempanda usoni, unga umemganda mkononi mpaka karibu na kiwiko, leso ameitupia begani. Picha iliyotoka vizuri kuliko zote, ushungi ulikuwa umerudi nyuma kidogo na nywele za mbele zimetokeza. Nikaikata juu, usawa wa nyusi. Nikamwonyesha kwenye simu, akacheka, akasema hiyo sawa. Ikatoka ukurasa wa katikati, na nakala yake ameiweka kwenye kisanduku cha pesa.

Sasa juzi nafika getini nakuta bango limefungwa ukutani upande wa barabara. Picha ile ile, nzima, haikukatwa. Nywele zimo. Tena wameigeuza kushoto kulia ili maandishi yao yapate nafasi, kwa hivyo jina la leso, yale maneno yaliyochapwa kwenye kanga, lasomeka kinyumenyume. Maandishi yenyewe yanakaribisha watu kozi za upishi na ukarimu. Mama hajasoma pale hata siku moja. Wateja wanamtania, "Mama, umehitimu lini?" Yeye hacheki. Kijana wake amekuja kuniuliza nimemuuza mamake shilingi ngapi.

Ilivyokuwa ni kwamba mhariri wetu huchukua kadi nzima ya kamera na kumwaga picha zote kwenye kompyuta ya ofisi. Ofisi ya uandikishaji ikaomba picha nzuri, akawapa folda lote. Hoja yake: picha ni za jarida, jarida ni la chuo, basi picha ni za chuo.

Naomba kujua, je, picha hii ni ya nani? Mama ana haki ya kusema ishushwe? Na nikiandika barua nimwandikie nani, maana mhariri ni rafiki yangu na jarida sitaki kuliacha.

La kando: mahafali yako karibu, ukumbi wetu ni giza na flashi hairuhusiwi wakati wa hotuba. Mwenye ujuzi anisaidie.

---

KijanaWaMwembeTayari:

Pole dada. Lakini hiyo ya jina la leso kinyumenyume imenimaliza. Yaani mtu yuko Mombasa, aweka leso kwenye bango, na asisome imeandikwa nini! Ingekuwa ni ile ya kumsuta mke mwenza je? Aliyetengeneza bango hilo si wa huku.

---

Mtaka_Cha_Mvunguni:

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Kuna watu wamepiga picha miaka na miaka na hawajaona kazi yao ikitundikwa barabarani. Lipige picha hilo bango kwa simu yako, weka kwenye wasifu wako, andika "kazi yangu". Mama mpelekee kilo mbili za unga na mafuta, mambo yaishe. Ukianza barua na sheria na chuo, utamaliza masomo ukiwa umenuniwa na ofisi nzima. Halafu aliyekaa kando ya barabara anaonwa na kila mtu bure, kupigwa picha kuna ajabu gani?

---

DadaWaKupamba:

Mtaka Cha Mvunguni, kuonwa ukipita si sawa na kutundikwa. Mwanamke anapita Digo Road akaonwa na watu elfu, jioni yuko nyumbani kwake na yamekwisha. Bango halendi nyumbani.

Mdogo wangu BintiWaTudor, mimi nilianza kama wewe, jarida la wanafunzi, kamera ya kuazima. Leo napiga harusi, na sana sana kupamba. Wasiojua: siku ya kupamba ukumbi ni wa wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa mlangoni, watu wamejiremba, na simu zakusanywa kwenye kikapu kabla hujaingia. Mpiga picha ni mimi peke yangu. Kuna familia nikimaliza hukabidhi kadi pale pale kwa mama wa bi harusi, hata kompyuta yangu picha hazikanyagi. Zingine huniruhusu nizisafishe nyumbani, kisha nizifute mbele ya shangazi mtu. Sijawahi kuweka picha ya kupamba kwenye ukurasa wangu wa biashara, na nina picha humo, wallahi, zingeniletea wateja mpaka nikafunga simu. Hizo si zangu za kuonyesha. Nimelipwa nipige, sikulipwa nitangaze.

Nakwambia haya kwa sababu wewe ulifanya kama sisi. Ulimsikiliza mama, alisema nywele zisionekane, ukakata, ukamwonyesha, akaridhia. Alichoridhia mama ni ile iliyokatwa, kwa jarida, kwa habari ya mapishi yake. Hakuridhia picha nzima, hakuridhia bango, hakuridhia kuitwa mwanafunzi wa upishi na watu ambao pengine hamri zao hazifuri.

Sasa kuhusu kadi. Usimpe mtu kadi tena, awe mhariri, awe mkuu wa chuo. Kazi ya mpiga picha haiishii kwenye kubonyeza, kuchagua ni nusu yake. Rudi chumbani, chagua picha tano au sita zinazobeba habari, zikate, zisafishe, hizo ndizo umpe. Zilizobaki ni zako na za waliomo ndani. Mhariri akitaka kuona zaidi, aje akae nawe mtazame pamoja. Na kila picha unayotoa iandikie ndani ya faili lenyewe, ile sehemu ya maelezo: nani yumo, wapi, lini, aliruhusu nini. Mimi ningeandika "ruhusa: jarida tu, nywele zisionekane". Maneno haya husafiri na faili. Siku mtu wa ofisi akiifungua hawezi kusema hakujua. Ila WhatsApp ikitumwa kama picha ya kawaida huisaga na maelezo hupotea, kwa hivyo itume kama dokyumenti. Hata kwa uchapaji ni hivyo. Jalada la A4 lahitaji kama nukta 2480 kwa 3508 ili litoke safi, na picha iliyopita WhatsApp kawaida haifiki huko. Ukiona majarida ya wanafunzi yana nyuso za ukungu, sababu mara nyingi ni hiyo wala si kamera.

Kabla ya barua yoyote, nenda kwa mama. Usiende na kijana wake, wala usiende saa ya wateja. Nenda saa nne hivi karai likishapoa, ukae. Umuulize yuwataka nini hasa. Pengine ataka bango lishuke. Pengine ataka nywele tu zifunikwe na libaki. Pengine ataka kulipwa. Wewe hujui na sisi hatujui, na wote hapa tunamsemea.

---

Wakili_Mtarajiwa:

Niko mwaka wa nne wa sheria, kwa hiyo chukueni haya kama ya mwanafunzi mwenzenu na muyapeleke kwa wakili halisi mkihitaji.

Kuna mambo mawili tofauti na mhariri ameyachanganya. Moja ni hakimiliki ya picha, jingine ni haki ya mtu aliye ndani ya picha.

Hakimiliki: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema mwenye kazi ni aliyeitunga. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikifanywa chini ya ajira, au ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vingine. Sasa wewe hujaajiriwa, nauli ya matatu si mshahara. Ila wanaweza kudai kwamba waliagiza. Hapo kuna ubishi wa kweli na sitakudanganya kwamba umeshinda. Dawa ni karatasi ya ukurasa mmoja kati yako na jarida, muiandike kabla ya toleo lijalo: jarida linaruhusiwa kuchapisha, matumizi mengine yoyote mpaka wewe uulizwe. Hata hivyo, hakimiliki ikihama, haki ya kutajwa kuwa mpigaji na haki ya kupinga kazi yako kuharibiwa hubaki kwako. Hiyo ni kifungu cha 32. Picha kugeuzwa na kuwekwa bila jina lako, hapo una la kusema.

Upande wa mama ndio wenye nguvu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Uandishi wa habari una nafuu yake kwenye sheria hiyo, ndiyo maana makala yenu haikuwa na shida, na tena mama aliridhia. Lakini bango la kuvutia wanafunzi wa kulipa karo si habari, ni biashara, na kutumia data ya mtu kibiashara kunataka ridhaa yake ya wazi. Msidhani ni sheria ya kabatini. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijistarehesha. Mama akipeleka malalamiko, ofisi hiyo inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90.

Kwa hiyo barua bora iwe ya mama, si yako. Wewe ni shahidi.

Na Mtaka Cha Mvunguni, unga na mafuta si ridhaa.

---

Mtaka_Cha_Mvunguni:

Haya, la kilabu sikulijua. Milioni na laki nane kwa picha moja? Nimenyamaza.

---

BabuWaLikoni:

Wajukuu, hamjambo. Mimi ni mtu wa bara kwa kuzaliwa lakini Pwani nimezeekea. Miaka ya tisini nilikuwa na banda la picha Likoni, pale abiria wanaposhukia feri. Tulikuwa wengi, mabanda yamepangana. Nyuma ya mteja tulitundika mapazia tuliyochora wenyewe, ndege, meli, nyumba za ghorofa, maua ya plastiki kila pembe. Mtu ametoka shamba anakwenda kutafuta kazi kisiwani, anasimama mbele ya ndege, picha anatuma kwao. Leo ukitoa kamera kwenye feri ile ile askari anakujia mbio, kwa hiyo binti usijaribu hata kama mhariri amekutuma.

Tulikuwa na desturi moja. Picha zikitoka tulibandika nje ya banda zile nzuri, ndiyo matangazo yetu. Lakini mteja alikuwa anaulizwa. Wengi walipenda, walikuja na marafiki kujionyesha. Wasiotaka tuliwakabidhi na negativu, ile filamu ya kusafishia picha, wakaondoka nazo. Kuna dada mmoja alipiga picha kajiegemeza kwa kijana, akalipia zote, akachukua negativu, akaichana mbele yangu kwa meno. Picha moja tu akaenda nayo, kaificha kifuani. Sikumuuliza neno.

Ghasia za Likoni za Agosti 1997, watu wa bara walipovamiwa, zikatutawanya, wengi wetu tukakimbia, mapazia yangu sikuyaona tena. Baadaye nikarudi nikafanya picha za pasipoti mjini.

Ninalotaka kusema ni la barua. Mhariri wako ni rafiki, sawa. Usimrukie ukaenda juu. Mpe yeye kwanza, ana kwa ana, mwambie barua ya mama inakuja ili isimkute amelala. Akiwa rafiki atakwenda mwenyewe kushusha bango kabla haijafika. Asipokuwa rafiki utakuwa umejua mapema.

---

BintiWaTudor:

Ahsanteni sana nyote. Babu, shikamoo, hiyo ya kuchana negativu kwa meno nimemsomea mwenzangu wa chumbani, naye ataka kujua kijana alikuwa nani.

Leo nimekaa na mama baada ya mauzo. Hataki pesa. Amesema maneno mawili. La kwanza, bango lishuke, si kufunikwa nywele, lishuke kabisa, kwa sababu ndugu yake anatoka Kwale mwisho wa mwezi na hataki alione. La pili limenishangaza: hana ubaya na picha. Ile ya kwenye jarida ataka nimchapie kwa ukubwa, aiweke kwenye fremu sebuleni. Nikamuuliza, "Na kijana wako?" Akasema, "Huyo niachie mimi."

Mhariri nimemwambia uso kwa uso. Mwanzo aliruka, eti namtia kwenye matatizo. Nilipomtajia ile faini ya shule akaomba nimtumie alichoandika Wakili Mtarajiwa. Kesho anakwenda ofisi ya uandikishaji, na barua ya mama itafuata hata kama wakikubali kwa mdomo.

Karatasi ya makubaliano nimeanza kuiandika. Kadi hatapewa tena, nimeshamwambia, ameguna.

Msinisahau na ukumbi wa mahafali.

---

DadaWaKupamba:

Alhamdulillahi, mama ana akili zake.

Ukumbi sasa. Acha ile 18-55 mkobani, tumia 50 yako, tundu lake la mwanga ulifungue mpaka mwisho. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, usiiogope, panda mpaka 3200, chembechembe kwenye karatasi ya jarida hazionekani kama unavyoziona kwenye skrini. Kasi ya shata, ule muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ndiyo yenye ujanja. Kumbi zetu nyingi zina taa za mirija, na wewe wa umeme wajua stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo taa zapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/250 utapata picha moja ya manjano, nyingine ya kijani, nyingine ina mstari mweusi katikati, na utadhani kamera imekufa. Weka 1/100 utulie hapo. Mtu anayetembea atatia ukungu kidogo, basi msubiri asimame. Kwenye mkono wa kupokea cheti husimama wote, hata wenye haraka.

Jambo la pili ni majoho. Kamera haijui joho ni jeusi, yaona weusi mwingi tu, yadhani ni giza, yaongeza mwanga, na uso wa mtu waungua ukawa kama umepakwa poda. Teremsha mwanga hatua moja au karibu. Wazee wa kanzu wakikaa safu ya mbele mambo hugeuka: kanzu zikijaa kwenye fremu kamera hupunguza mwanga na nyuso huzama, hapo pandisha. Kanzu na buibui kwenye fremu moja, mtu na mkewe wamekuja kumwona mtoto, fuata uso. Ukiupata uso, kanzu ikipoteza mikunjo miwili mitatu hakuna atakayelia.

Mzungumzaji mpige anapovuta pumzi, mdomo umefunga. Akiwa katikati ya neno hutoka kama ameumwa jino, na ni mkuu wa chuo huyo.

Ukumbi una kiyoyozi? Ukitoka nje na kamera baridi, joto letu hili litaitia jasho lenzi mpaka ndani. Iache kwenye mkoba uliofungwa, robo saa hivi, ndiyo uitoe kwa picha za familia uwanjani. Na picha hizo zipige kivulini, chini ya mwarobaini au upenuni. Mahafali huisha saa sita saba jua liko utosini, macho yote yatakuwa mashimo chini ya zile kofia.

---

Wakili_Mtarajiwa:

La mwisho kutoka kwangu. Kabla bango halijashushwa lipige picha, lionekane na ukuta na geti, faili ibaki na tarehe yake. Barua iandikeni kwa Kiswahili, iwe fupi, umsomee mama neno kwa neno kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ofisi ya uandikishaji. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la aliyekataa na saa.

---

KijanaWaMwembeTayari:

Na ukilipiga picha hilo bango, igeuze kushoto kulia utusomee leso imeandikwa nini. Tangu juzi nangoja.